Nyumba ya Waandishi ya Kwamashauri

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini jina hilo limehifadhiwa Makao Makuu lisije likachakaa kwa kutajwatajwa ovyo. Sisi wananchi tukitaka kuitaja tunasema "hapa", inatosha. Hapa kuna amani. Hapa kuna Wizara ya Maneno, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kila neno limekaa mahali pake na halitoki bila ruhusa. Na hapa, katika kijiji chetu cha Kwamashauri, kuna Nyumba ya Waandishi, ambayo zamani, kabla maendeleo hayajatukuta, ilikuwa wodi ya wazazi. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaeleza polepole, maana mambo ya serikali ukiyasimulia haraka yanafanana na uongo.

Yalianza Mkuu wetu aliposafiri ng'ambo. Huko alipelekwa kutazama nyumba ambamo watu hukaa wakanywa chai ya maziwa na kuandika vitabu, akaambiwa kila mtaa wa nchi ile unayo moja. Mkuu akashikwa na wivu wa kizalendo. Ndege yake ilikuwa bado iko hewani tamko lilipotoka: kabla ya mvua za vuli kwisha, kila tarafa iwe na Nyumba ya Waandishi, na nyumba hiyo iwe imefanya kongamano lenye warsha, watoa mada waalikwa na mgeni rasmi. Fedha zilizotengwa zilitosha kununua vibao. Vibao vyenyewe, tusiseme uongo, vilikuwa vizuri, vya buluu, vimeandikwa kwa rangi nyeupe, na pembeni pana mchoro wa kalamu ambao wengi walidhani ni samaki.

Kibao chetu kikafika, nyumba ya kukibandika ikawa haipo. Mtendaji wetu, Bwana Kisebengo, ni mtu asiyependa kuona kibao kimelala chini. Akazunguka kijiji na mkaguzi kutoka wilayani. Ofisi yake haikufaa kwa sababu ni ofisi yake. Shule haikufaa kwa sababu ukuta wake mmoja umeegemea mti, na mti ni mali ya Idara ya Misitu. Wakaingia wodi ya wazazi. Ilikuwa asubuhi yenye jua zuri, vitanda vimetandikwa, sakafu imepigwa deki, na ikatokea kwamba saa ile hakuna mwanamke aliyekuwa akijifungua. Mkaguzi akagusa shuka, akamuuliza mkunga wetu Chausiku kama hali huwa hivyo siku zote. Chausiku akamjibu kwamba wanawake huja uchungu unapowashika, hawaji kwa ratiba ya wakaguzi. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatangaza kwamba jengo halitumiki.

Siku hiyohiyo vitanda vikatolewa, vikapangwa nyuma chini ya upenu, na kibao kikapigiliwa juu ya mlango. Wajawazito wakashauriwa waende wilayani, ng'ambo ya mto, na ambao hawawezi kuvuka wakashauriwa wawe na subira.

Siwatu hakuweza kuwa na subira. Huyu ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa mabua tu. Uchungu ulimshika mchana wa mvua kubwa. Mto ulikuwa umejaa. Mlango wa Nyumba ya Waandishi ulikuwa umefungwa, ufunguo anao Mtendaji, na Mtendaji yuko wilayani kwenye semina ya utunzaji wa funguo. Chausiku akamlaza Siwatu kwenye kitanda cha nje, chini ya upenu, na sisi wanawake tukamzunguka tukishika kanga na kipande cha turubai. Upepo ulipita tu. Mtoto alikuwa wa kiume, kichwa kimejaa nywele. Alilia kidogo, kisha akaanza kupoa. Chausiku alimsugua, akampulizia, akamfungia kifuani pake mwenyewe ndani ya gauni, hadi ikawa hakuna tena la kufanya. Tulimzika asubuhi yake. Serikali ilituma salamu za pole, ikaeleza kwamba mvua ile ilikuwa ya kiwango cha kawaida.

Mjukuu wangu Mwanahawa alikuwa mmoja wa walioshika kanga. Naye alikuwa na mimba, tumbo limeshaanza kushuka. Tulipotoka kuzika alikataa kula. Akakaa anatazama mikono yake, halafu akaniuliza, "Bibi, mimi mtanilaza wapi?"

Nikaenda kwa mwalimu nikaomba karatasi, nikarudi nikakaa kizingitini, nikaandika. Nilipata darasa la kutosha kuandika ninachokiona, na niliona mengi. Niliandika kitanda chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Niliandika ndoo ya bati yenye mpini wa kamba, beseni la buluu lililobanduka ukingoni, pazia la kijani lenye alama pale lilipoungua na taa ya chemli, sufuria ya kuchemshia mkasi ambayo mfuniko wake ulipotea ukapatikana tena jikoni kwa Mtendaji. Niliandika nani alivitoa vitanda. Niliandika ufunguo ulikuwa kwa nani. Halafu tukasikia kwamba kongamano limekaribia, kwamba kazi za wanakijiji zitasomwa mbele ya Waziri wa Maneno mwenyewe, na kwamba Redio ya Taifa itarusha moja kwa moja. Nikasema sawa. Waziri atasikia, vitanda vitarudi ndani, na Mwanahawa atapata pa kulala. Ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa nilikuwa sijahudhuria warsha hata moja maishani mwangu.

* * *

Kongamano linahitaji waandishi, na agizo lilisema waandishi wasipungue. Bwana Kisebengo akapita nyumba kwa nyumba akitafuta wenye kalamu. Fundi cherehani akatangazwa mwandishi kwa sababu huandika vipimo vya viuno. Kijana wa mashineni akatangazwa kwa kuwa huandika majina ya watu kwenye magunia. Mzee mmoja anayeandika barua za malalamiko kuhusu kuku wa jirani akatangazwa mwandishi mkongwe, akapewa kiti chenye mto. Mimi, niliyekuja na karatasi zangu zimeandikwa pande zote mbili, nilitiliwa shaka kidogo, kisha nikaruhusiwa.

Tulikaa mle mle wodini. Kuta zilikuwa bado zina mabango ya namna ya kumnyonyesha mtoto. Mtendaji aliyafunika na picha za Mkuu, ila zilikuwa fupi, kwa hiyo chini ya kila picha ya Mkuu palitokeza miguu ya mtoto mchanga.

Mtoa mada mwalikwa wa kwanza alikuwa Daktari Limbanga, kutoka mjini. Alivaa suti nzito kuliko hali ya hewa. Tuliambiwa ameandika dibaji za vitabu vingi sana, na kwamba kutokana na wingi wa dibaji hajapata nafasi ya kusoma kitabu hata kimoja. Warsha yake iliitwa Kumwondoa Mtu Kwenye Hadithi. Alieleza kwamba nchi changa huandika hadithi zenye watu, na watu wana tabia ya kufanya mambo, na wakifanya mambo lazima mtu aulize kwa nini. Nchi iliyokomaa huandika hadithi ambazo mambo yanajifanya yenyewe.

Alichukua karatasi zangu, akazisoma amesimama, midomo ikicheza. Akataka kujua ni nani huyu aliyevitoa vitanda nje. Nikamwonyesha Bwana Kisebengo, ambaye alikuwa amekaa karibu na sinia la maandazi. Daktari akacheka kwa upole kama anayemcheka mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Akanifundisha kwamba katika fasihi ya kisasa vitanda havitolewi. Vitanda huhama. Ufunguo hauko kwa mtu, ufunguo uko safarini. Akafika kwenye mvua, akasita. Mvua, alisema, iko chini ya Idara ya Hali ya Hewa, na raia hawezi kuitumia katika maandishi bila kibali. Akashauri tuweke neema. Kwa hiyo Siwatu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya msiba akisikiliza, akawa amejifungua chini ya neema.

"Na mtoto?" Siwatu akamuuliza.

Daktari akageuka, akamtazama, akaangalia tena karatasi. Akasema mtoto alihama.

Siwatu aliondoka pale mlangoni akaenda nyuma ya jengo, na mimi nikajua kwamba amekwenda kukaa kwenye kile kitanda.

Warsha ya pili ilikuwa ya Madamu Leokadia, mtaalamu wa ufupisho, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea. Alisema msomaji wa sasa ana haraka, na kila kitu ambacho mwandishi anakitaja ni mzigo ambao msomaji anabebeshwa. Akauliza kwa upole ndoo ya bati inatusaidia nini. Nikamwambia ilitusaidia kuchota maji. Akaifuta. Akafuta beseni, akafuta pazia, akafuta mfuniko, akafuta mpira wa baiskeli. Kila alipofuta alinitazama kwa huruma, kama daktari wa meno. Alipomaliza, hadithi yangu ya karatasi zote zile ilikuwa imebaki hivi: Palikuwa na kitanda. Kilihama. Neema ilinyesha.

Washiriki wakapiga makofi. Mwandishi mkongwe wa mambo ya kuku akasema hajawahi kusikia kitu kikali namna ile. Ikatangazwa kwamba hiyo ndiyo itakayosomwa mbele ya Waziri, kama mfano wa tarafa.

Nilimwambia Daktari kwamba siwezi kuisoma hiyo kwa kuwa siyo yangu. Akanijibu, na hasira hakuwa nayo hata chembe, kwamba Mheshimiwa hana muda wa nyingine, na kwamba ama isomwe hiyo ama nikae kimya, na yote mawili ni mchango. Nje, Mwanahawa alikuwa ameegemea ukuta, mkono kiunoni. Mkunga Chausiku alikuwa amempapasa asubuhi ile akasema siku zimekwisha, ni muda wowote. Na mto ulikuwa haujapungua.

* * *

Waziri wa Maneno, Mheshimiwa Sudi Mapambio, alifika tukiwa tumeshaimba nyimbo zote tulizofundishwa na tumeanza kuzirudia. Ni mtoto wa upande wetu huu, amezaliwa vijiji vya juu kule, akalelewa na bibi yake. Sauti yake ni nene na tamu, na ndiyo iliyompatia uwaziri. Alitoa hotuba kuhusu umuhimu wa kutotoa hotuba ndefu, na hotuba ile ilichukua muda wa kutosha kuivisha maharage. Akasema pia kwamba mwaka huu Mkuu ameutangaza kuwa Mwaka wa Mila, na kwamba yeyote atakayeivunja mila yoyote atachukuliwa hatua bila kujali cheo chake. Mtangazaji wa redio alimsogezea kipaza sauti karibu kabisa na kinywa. Halafu Mheshimiwa akakaa, akatazama saa, maana alikuwa anakwenda kuzindua kalavati upande wa pili wa wilaya, na wananchi wa huko walikuwa wameanza kucheza ngoma tangu alfajiri.

Daktari Limbanga alitaka Waziri aone kazi iliyofanyika. Akaeleza kwamba ataonyesha hadithi ilivyokuwa kabla ya warsha na ilivyo baada ya warsha. Akaniita mbele. Akaniagiza nitamke tu ule mwanzo wa kizamani, wanavyoanza mabibi, ili watu wacheke, kisha ninyamaze, naye atasoma toleo lililofupishwa.

Nikasimama pale ambapo zamani palikuwa na meza ya mizani. Nikafunga kanga vizuri. Nikasema, "Nimebeba."

Na nyumba nzima ikajibu, "Tua, tukupokee."

Walijibu wote. Mtendaji alijibu huku mdomo umejaa andazi. Walinzi wa Waziri walijibu. Dereva alijibu kutoka nje kwenye gari. Na sauti iliyosikika juu ya zote, nene, tamu, ikaingia moja kwa moja kwenye kipaza sauti cha Redio ya Taifa, ilikuwa ya Mheshimiwa Sudi Mapambio.

Ninyi msiotoka hapa kwetu lazima niwaeleze. Maneno yale kwetu hayachezewi. Mtu akisema amebeba, ukamjibu atue, hadithi yake imekuwa mzigo wa wote mlioupokea, na hakuna wa kuinuka mpaka iishe, au mpaka msimuliaji mwenyewe akubali kuipumzisha. Na hadithi haipumziki hivihivi. Kila kitu kilichotajwa ndani yake kinatakiwa kiwe pale hadithi ilipokifikisha, na kikishawekwa hapo hakiguswi mpaka siku hadithi itakapoamshwa na kumalizwa. Anayeinuka kabla, kauli humkatikia. Kila sentensi atakayoianza maishani itamwishia katikati. Tulikuwa na mzee hapa, aliinuka katikati ya hadithi kwenda kuangalia mbuzi wake, akaishi miaka mingi baadaye bila kuweza kumaliza kuomba chumvi. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni tabu. Kwa Waziri wa Maneno ni kifo.

Daktari Limbanga, mtu wa mjini, alikuwa amejibu kwa kufuata mkumbo, hakujua lolote. Alifungua karatasi yake akaanza kusoma kwamba palikuwa na kitanda. Waziri akamkamata mkono.

"Kaa chini," akamwambia.

"Mheshimiwa, ni mfano tu."

"Nimeshajibu, bwana. Kaa."

Daktari akakaa. Waziri alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona uwaziri usoni pake, niliona mjukuu wa mtu. Akaniambia niendelee, ila niwe mfupi.

Sikuwa mfupi. Nilianza na asubuhi ya mkaguzi, nikataja jinsi alivyogusa shuka. Nikamtaja Bwana Kisebengo kwa jina lake na jina la baba yake, na nikaeleza alivyosimama akielekeza kitanda kipi kitangulie. Nilitaja mvua, na niliiita mvua. Nilitaja semina ya funguo. Nilimtaja Siwatu, na nilipofika kwa mtoto nilitaja kichwa chake chenye nywele, na sauti yake, na muda ambao Chausiku alimkumbatia. Redio ilirusha yote. Mtangazaji alikuwa amepokea na yeye, asingeweza kuinuka kuzima. Bwana Kisebengo alikuwa amekiweka chini kipande chake cha andazi.

Kisha sikuishia pale kwenye karatasi zangu. Nikaendelea mbele, mdomo ukienda peke yake. Nikasema kwamba Siwatu aliinuka makaburini akawaambia wanawake twendeni, wakaenda nyuma ya jengo, wakashika vitanda, wakaviingiza ndani. Nilikielezea kila kitanda na mahali kilipowekwa. Kile chenye mpira wa baiskeli kikakaa kushoto, kimegusa ukuta. Ndoo ikasimama karibu na meza. Beseni likawekwa juu ya kigoda. Pazia likatundikwa, upande ulioungua ukaangalia ndani ili mpita njia asiuone. Kila nilichofutiwa na Madamu Leokadia nilikirudisha, na nikakiongezea ndugu zake. Nilisema sufuria. Nilisema mfuniko wa sufuria. Waziri akafuta jasho. Nilianza kueleza mashuka, rangi yake, yaliposhonwa, nani aliyashona na alikuwa anaidai nini serikali siku aliyoyashona.

"Bibi," Waziri akasema taratibu, "itaisha lini?"

"Ikifika, mwanangu."

"Nina kalavati."

"Tunajua. Ndiyo maana siku zote tulikaa kimya, tusikucheleweshe."

Akainama, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Hii unayofanya ni siasa, bibi yangu. Utajitia matatani."

"Hii ni hadithi. Umetuita kwenye kongamano la hadithi, tukaja. Nikasema nimebeba, ukaniambia nitue. Sikukulazimisha, na nchi nzima imekusikia."

Dereva nje akakohoa. Waziri akaniomba, kwa adabu ambayo bibi yake angeifurahia, niipumzishe. Nikamwambia sina kinyongo, nitaipumzisha hata sasa hivi, ila hadithi imeviacha vitanda ndani na macho yangu yanaviona viko nje.

"Na nikikataa?"

"Basi tutakaa. Mimi sina safari, na bado sijagusa paa."

Ndipo Mheshimiwa Sudi Mapambio aliponyoosha tai na kuondoa kiganja kwenye kipaza sauti. Kwa mamlaka aliyopewa, alisema, na kwa kuzingatia Mwaka wa Mila, na bila kuathiri hadhi ya jengo hili kuwa Nyumba ya Waandishi, anaagiza kwamba vitanda, ndoo, beseni, pazia na vifaa vingine vyote vilivyotajwa viingizwe ndani kwa muda, vikiwa ni samani za kifasihi, na vibaki humo bila kuguswa na mtu yeyote hadi hadithi husika itakapokamilika. Makofi yalipigwa mpaka vumbi likashuka kutoka darini.

Wanaume waliopokea ndio waliobeba. Daktari Limbanga alishika kitanda upande wa kichwani na Bwana Kisebengo upande wa miguuni, na mlangoni wakakwama, kila mmoja akimwelekeza mwenzake. Sikuona kitanda kikihama chenyewe. Madamu Leokadia alileta beseni, na mfuniko wa sufuria ukaletwa mbio kutoka jikoni kwa Mtendaji ukiwa bado una mafuta. Waziri mwenyewe alibeba ndoo kwa ule mpini wa kamba, na mpiga picha wake akakatazwa kupiga.

Siwatu aliingia wa mwisho. Wengi walikuwa wakicheka, yeye hakucheka. Alichukua shuka, akalikung'uta, akatandika kile kitanda cha kushoto, akakunja pembe za shuka akazichomeka chini, akapitisha kiganja kuondoa mikunjo. Kisha akatoka nje akamshika Mwanahawa mkono, akamwingiza, akamkalisha.

Nikasema, "Nimeipumzisha."

Waziri alikuwa ndani ya gari kabla sijafunga mdomo.

* * *

Sasa mambo ni mazuri sana. Mwanahawa alijifungua pale wiki ileile, mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele. Kwa kuwa alizaliwa ndani ya Nyumba ya Waandishi, Bwana Kisebengo alilazimika kumwandikisha kuwa mwandishi, na wote waliomfuata hivyohivyo. Tarafa yetu inaongoza nchi nzima kwa idadi ya waandishi, wengi wao bado wananyonya. Mkuu amelitaja jambo hilo kwenye sherehe, na Daktari Limbanga ameandika dibaji.

Wizara hata hivyo haikufurahi. Iliunda Tume ya Miisho, nayo imeshafika hapa na kurudi, na kurudi tena. Mara ya kwanza walikuja na miisho iliyoandikwa tayari, yote mizuri, nichague mmoja nitie sahihi. Katika mmoja Siwatu alipewa cheti. Niliwashukuru, nikawaeleza kwamba hadithi yangu haijafika huko. Mara ya pili walikuja na ngao ya shaba yenye jina langu, watanikabidhi siku nitakayomaliza. Niliishika, nikaona ni nzito, nikawarudishia. Mara ya tatu hawakuleta kitu. Walikuja na askari na kosa jipya, Kuchelewesha Mwisho kwa Makusudi, ambalo kifungo chake ni mpaka mwisho upatikane. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mkali. Akaniuliza kama natambua kwamba naweza kufia ndani.

Nikamwambia natambua. Nikamwambia pia kwamba nikifia ndani hadithi itabaki wazi, na agizo la Waziri linasema mpaka ikamilike, kwa hiyo vitanda vitakaa pale mpaka wajukuu wake mwenyewe wazeeke. Wakaenda pembeni kushauriana. Waliporudi mwenyekiti aliniuliza, sasa kwa sauti ya chini, kama kuna mtu mwingine anayeijua hadithi hii. Nikamwonyesha. Siwatu alikuwa anaanika mashuka uani. Anaijua yote na anaisimulia vizuri kuliko mimi, maana mimi hufika kwa mtoto nikaharakisha, yeye haharakishi. Chausiku anaijua. Mwanahawa anaijua, na kila anayelala pale siku mbili tatu huondoka naye anaijua, na hakuna hata mmoja mwenye haraka ya kuimaliza.

Askari mmoja, kijana wa upande wetu, aliniuliza kama ingewezekana wakae wasikie imefikia wapi. Nikasema karibuni, mikeka ipo, nikafunga kanga, nikavuta pumzi. Tume nzima ikajiziba midomo kwa mikono miwili wasije wakanijibu, wakarudi kinyumenyume hadi kwenye gari.

Lakini wewe hujajiziba mdomo, umesoma mpaka hapa, kwa hiyo nakuambia. Juzi nilikwenda nikakaa kwenye benchi, wazazi watatu wamelala, nikaisogeza hadithi kidogo. Nimemaliza sakafu. Nimeanza dirisha. Dirisha lile lina nondo nyingi, na kila nondo ina habari yake, nani aliichomelea na ilikuwa imekusudiwa nini kabla ya kuja kwetu. Mlango bado sijaugusa.